Pengo kwenye Ngozi ya Kurukia

Tangu barafu immeze mumewe mwezi wa tano, Nauyaq alikuwa hasikii kitu moyoni. Anakula, anashona, analala. Ukimuuliza hali, anajibu salama. Kijiji kizima cha pwani ile ya Alaska kilimpa pole mpaka kikachoka, na yeye machozi hata tone.

Lakini Wesley, mumewe huyo, nahodha wa mashua, alikuwa ameshamvua nyangumi wake kabla hajafa, na nyangumi lazima asherehekewe. Mke wa nahodha hurushwa juu kwa ngozi za sili zilizoshonwa pamoja, amwage pipi kutoka angani. Asiporushwa, msimu wa mumewe haujafungwa. Hilo halina mjadala.

Basi mwezi wa sita, jua halizami, akapanda juu ya ngozi na mfuko wake. Watu walikuwa wameshika kamba ya ukingoni pande zote, isipokuwa mahali pamoja: upande wa baharini, alipokuwa akisimama Wesley kila mwaka. Hakuna aliyethubutu kupagusa. Eti heshima! Heshima gani hiyo ya kumvunja mtu shingo?

"Kaza magoti, shemeji!" alipiga kelele Enoka, mdogo wake Wesley. "Ukiyakunja, nguvu yetu yote inaishia miguuni mwako. Na nyie, macho juu! Pipi mtazikuta!"

Wakavuta. Akapaa. Ngozi ikilegea upande mmoja humtupa mtu upande huohuo, hata watoto wa pale wanajua. Akatua karibu na pengo. Mara ya pili akasogea zaidi. Aliona, wala hakujali. Kusema kweli, alitaka kufika.

Mara ya tatu kisigino kikagonga ukingo.

"Yalaa! Basi, ashuke!" watu wakapiga kelele.

Hakushuka. Alilitazama lile pengo katikati ya mabega ya watu.

"Mtu ashike hapa," akasema.

"Shemeji, hapo ni pa kaka," Enoka alijibu kwa sauti ya chini.

"Kaka yako hayupo."

Hakuwahi kulitamka. Watu wakainamia viatu vyao. Ndipo Bibi Hester, mama yake Wesley, akaweka chini sahani yake ya nyama, akanyanyuka kitini na kuja akichechemea.

"Nipisheni huko. Watu wazima mnaogopa kamba! Nilimzaa mimi." Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, utaweza?"

"We kaza magoti."

Wakavuta. Safari hii Nauyaq akapanda wima, juu kuliko mapaa, hadi pale ambapo mwili hauna uzito hata chembe. Akaiona bahari iko wazi, barafu yote imekwenda zake. Akamwaga pipi zote, watoto wakapigana vikumbo.

Akatua katikati, palepale alipotokea, na uzito wake ukamrudia wote kwa mpigo: visiginoni, magotini, kifuani.

"Inauma, mama!" akaangua kilio. "Inauma!"

"Najua, mwanangu," Bibi Hester alisema, na kamba hakuiachia. "Hata mimi."