Jina Lililoulizwa Kamatini

Kijana aliitwa Lachezar Dobrinov. Nalitaja jina lake mwanzoni kabisa, kabla sijasema lolote kuhusu mama yake, kwa sababu siku nilipotakiwa kulitaja sikulitaja. Anayependa hadithi ianze polepole anisamehe.

Mama yake ni Zdravka. Wiki mbili zilizopita nilibandika tangazo la msiba wake kwenye mlango wa jengo tulilokuwa tukiishi sote, chini ya kengele, pale pale ambapo miaka tisa nyuma yeye alibandika la mwanawe. Kwetu sisi marehemu hukaa milangoni: picha, jina kwa herufi kubwa nyeusi, na mistari michache ya kuwalilia. Siku ya arubaini tunabandika jingine, miezi sita jingine, mwaka jingine. Watu wengi huishia hapo. Zdravka hakuishia. Mkobani mwake kulikuwa na gundi mwaka mzima, na mvua ikilichakaza tangazo la Lachezar, kesho yake utakuta jipya mahali pake.

Mimi na yeye tulikuwa waandishi wa hati mkato Bungeni. Tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja anaandika dakika kumi, mwenzake anampokea kiti, wa kwanza anakwenda chumba cha nyuma kupiga chapa alichoandika. Jioni kila mmoja anasoma kurasa za mwenzake na kutia sahihi pembeni. Zdravka alisoma kurasa zangu miaka ishirini na sita, kwa hiyo hakuna binadamu anayeyajua makosa yangu kuliko yeye.

Alizaliwa kusini, kijiji cha tumbaku, binti wa mhunzi. Kelele za nyundo zilikuwa zimeyaua masikio ya baba yake hata kabla binti hajaanza shule. Alipojua kuandika, kwenye mikutano ya ushirika aliketi ubavuni mwa baba na kumwandikia kwenye ubao mdogo kila kilichosemwa. Mzee alikuwa mkali. Akiona watu wanacheka na ubaoni hamna cha kuchekesha, anamfinya. "Nani kasema? Kasema nini? Andika, usinichagulie." Huko ndiko alikojifunza kutoacha neno. Bungeni aliingia akiwa na miaka ishirini na miwili, enzi zile za chama kimoja, mikono yote ya wabunge ilipoinuka pamoja, na alikuwepo bado ilipoanza kupishana.

Ukumbini sisi hatukuruhusiwa kusema. Tulikuwa na maneno mawili tu. Msemaji akimeza jina la mtu, mwandishi anainua penseli, mwenyekiti anasimamisha kikao, na mwandishi anasema, "Jina, tafadhali." Jina likishatajwa, penseli inashuka na kazi inaendelea. Mimi niliinua penseli karibu kila wiki. Zdravka hakuwahi kuinua yake hata mara moja, na jambo hilo lilimpa kiburi ambacho hakujisumbua kukificha.

"Snezha, penseli yako leo imelala, au tuiitie daktari?" alizoea kuniuliza wakati wa kahawa.

"Wewe cheka tu. Masikio yako nayo yatastaafu siku moja."

"Yangu nitazikwa nayo, shoga."

Mume wake, dereva wa lori, alikwenda Uhispania kutafuta maisha, na huko huko akatafuta na mke. Zdravka akabaki na mtoto mmoja ambaye alipatikana na kisukari akiwa na miaka kumi na moja. Dawa yake ya sindano ilikaa kwenye jokofu la ofisi yetu, kando ya mtindi wangu, na ofisi nzima ilijua saa zake. Nilikuwa mama yake wa ubatizo. Nilimbeba kanisani siku ile akaniharibia blauzi ya hariri, na sijamsamehe mpaka leo. Alipokua akawa fundi wa lifti. Alipanda kwetu mchana kuchoma sindano na kututania sisi wanawake wazima.

"Mama Snezha, mbona umepungua? Nani anakunyima chakula?"

"Mama yako. Anakula mtindi wangu."

Mwaka aliotimiza ishirini na minne walimkamata yeye na wenzake wawili wakiwa na nyaya za shaba kutoka kiwanda kilichofungwa. Alizichukua, sitasema hakuzichukua. Alipelekwa mahabusu katika gereza la mkoani kusubiri kesi, na kesi ikaahirishwa mara mbili. Kila Jumamosi Zdravka alipanda basi na kufikisha dawa getini. Waliipokea, wakamtilia sahihi, wakaifungia kwenye kabati la muuguzi.

Ikafika Pasaka. Alimpelekea mapema, Alhamisi, mayai mekundu sita, na mkate mtamu alioukata vipande ili wasimkatie wao kutafuta visu ndani yake. Siku hizo nne nchi nzima hulala, hilo kila mtu analijua. Muuguzi alikwenda kwao kijijini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyevunja kabati, maana kabati ni mali ya serikali. Jumatatu ya Pasaka, mchana, Lachezar alifariki, na dawa yake iko mwendo wa hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Wenzake wa chumba walisema walipiga mlango kwa viatu tangu Jumamosi.

Barua ya wizara ilikuja baada ya wiki tano. Zdravka alinipa niisome. Iliandikwa "tukio husika", "mhusika", "kituo husika". Niliisoma mara mbili, nikimtafuta Lachezar kila mstari. Hata juu, mahali pa kichwa cha habari, walikuwa wameweka namba.

"Hawajamwandika," nikamwambia.

"Hawajamwandika," akasema. "Lakini watakuja kamatini mwezi wa sita. Wakimtaja pale tutaandika sisi, na tukishaandika sisi hafutiki."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka kingine. Hakutaka mtu afungwe, wala aombwe radhi. Alitaka mtu wa serikali, akiwa amekalia kiti cha kujibu maswali, atamke jina la mwanawe na liingie kwenye kumbukumbu za Bunge. Kwenda kumwomba mbunge yeyote alikataa. Mfanyakazi wa Bunge haruhusiwi kupeleka shida yake kwa wabunge, na Zdravka sheria hiyo alikuwa ameitia sahihi siku ya kwanza ya kazi. Nilimwita mpumbavu. Akaniambia anajua.

Kamati ya Sheria ilikutana Jumatano, chumba cha ghorofa ya pili, madirisha wazi kwa ajili ya joto, na nje viti vya mkahawa vikikwaruza mawe ya njano ya uwanja. Waziri alikuja kueleza hali ya magereza. Mimi ndiye niliyepanga zamu asubuhi ile. Kwenye ratiba vifo vilikuwa mwisho, basi nikampa Zdravka dakika kumi za mwanzo, za salamu na shukrani, ili nimwepushe na hayo. Nilidhani namtendea wema. Lakini Waziri alikuwa na safari, akaomba aanze na yale ambayo yangeulizwa kwa vyovyote, yaani vifo, na mwenyekiti akamkubalia.

Akasoma kwamba tangu Januari walifariki watu tisa waliokuwa chini ya ulinzi, mmoja wao kutokana na matatizo ya sukari. Geno Mutafov, mbunge wa upinzani, mzee wa mambo ya kilimo mwenye shingo iliyochomwa na jua, akawasha kipaza sauti. Alikuwa amesoma gazetini, na gazeti liliweka herufi mbili tu za mwanzo wa majina yake. Hakujua kwamba mama wa herufi hizo amekaa mita tatu kutoka kwake.

"Mheshimiwa Waziri, huyo kijana wa sukari. Kabati lilifungwa siku nne. Hivi humo ndani hamkuwa na hata nyundo?"

"Mheshimiwa, kuhusu tukio husika, taratibu zote zilifuatwa. Mhusika alipokewa akiwa na hali hiyo, na kituo husika kimeshaelekezwa kuboresha..."

Penseli ya Zdravka ilikuwa juu.

Mwenyekiti alichelewa kuiona. Hakuwa amezoea kuitazama upande huo. Kisha akainua kiganja, Waziri akakatika katikati ya sentensi, chumba kikageuka.

"Jina, tafadhali," Zdravka akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Jina la nani?" Waziri akauliza.

"Mwandishi hakusikia jina la mhusika," mwenyekiti akamfafanulia.

"Sijalitaja."

Penseli haikushuka. Waziri akamtazama naibu wake. Naibu akafungua jalada, akapekua, akamnong'oneza mtu wa nyuma, naye akafungua jalada lake. Kurasa zilikuwa nyingi. Nikatazama saa ya ukutani, maana kimya kikizidi nusu dakika tunatakiwa kukiandika, na kilizidi. Mwishowe Waziri akasema, "Tutaliwasilisha kwa maandishi."

Zdravka akateremsha penseli, akaandika hayo. Dakika zake kumi zikawa zimekwisha. Akainuka, mimi nikakaa kitini kwake, kikiwa bado na joto, naye akakusanya karatasi zake kwenda kupiga chapa. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Mutafov alipoinuka.

"Yaani chumba kizima hiki," akasema, "wizara nzima na majalada yake, hakuna anayejua huyu mtoto aliitwa nani? Mtu yeyote. Anitajie, mimi nitalisema."

Alisema mtu yeyote, na aliangaza macho kote, na yalipita juu yangu pia.

Nililijua jina hilo. Nililitamka mimi mbele ya padri, mtoto akiwa mikononi mwangu, padri alipouliza aitwe nani. Mlangoni Zdravka alikuwa amesimama na kitasa mkononi, hajafungua. Alinitazama. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya ruhusa, na hilo halikuwamo. Hayo ndiyo niliyojiambia baadaye. Wakati ule sikujiambia kitu, nilikuwa naandika tu. Mkono wangu uliandika swali la Mutafov lote, bila kuacha neno, kisha ukaandika kwenye mabano: Hakuna aliyejibu.

Nilisikia mlango ukifungwa taratibu.

Jina lilikuja kwa maandishi baada ya siku nane, kama Waziri alivyoahidi. Yanayoletwa kwa maandishi huwekwa kwenye viambatisho, na viambatisho havichapishwi, hukaa ghala la chini pamoja na vingine. Zdravka aliyajua hayo tangu Waziri alipofungua kinywa. Nami niliyajua.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kumuuliza. Alikuwa amestaafu na kurudi kusini, nami nilikuwa nimemtembelea tukapeleke ngano ya kuchemsha, sadaka yetu ya kuwakumbuka wafu, kaburini kwa Lachezar. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa kaburi tukigawa ngano kwa vijiko, nikamwambia, "Siku ile, Zdravka. Mbona hukulitaja mwenyewe?"

"Mama hahesabiki," akasema. "Mama analitaja kila siku. Nilitaka limtoke mtu mwingine."

Akanipa kijiko.

Lakini nilikuwa nasimulia Jumatano ile, na sijaimaliza. Saa kumi na moja jioni tulikuwa chumba cha nyuma, sisi wawili, tumebadilishana kurasa kama siku zote. Mimi nilisoma zake. Kile kimya alikuwa amekiandika jinsi kilivyokuwa, sekunde arobaini na nne. Nikatia sahihi. Yeye alisoma zangu akifuatisha mstari kwa kidole, jinsi alivyofanya tangu ujana wetu. Alipofika kwenye mabano, kidole kikasimama. Nilitamani aniparue, anitupie mashine ya kupigia chapa, aniite jina lolote lile. Alirudia mstari ule, nadhani mara tatu. Kisha akafungua kifuniko cha kalamu.

"Hamna kosa, Snezha," akasema, na akatia sahihi.