Jibu Nililolibadilisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chaki nne na amri moja. Nilikuwa nimetoka Tororo, mwalimu wa shule ya misheni, nikaandikishwa katika kambi ya Jinja kama sajini mwalimu, yaani askari ambaye bunduki yake hushinda ghalani na kazi yake ni kuwafundisha askari wenzake kusoma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, bwawa la mtoni likijengwa na mji umejaa wageni. Amri niliipata kwa Kapteni wa Elimu, Mwingereza mrefu aliyechechemea kwa jeraha la vita vikubwa.

"Mimi nitasema Kiingereza, wewe utasema Kiswahili," aliniambia. "Usiongeze, usipunguze. Umeelewa?"

"Ndiyo, bwana."

Nasema hili mapema ili msije mkadhani sikuambiwa.

Darasa letu lilikuwa banda la mabati kando ya uwanja wa gwaride. Ubao alitutengenezea fundi Singasinga wa mjini, naye aliupaka rangi nyeusi kwa ustadi hata chaki ikawa inateleza, tukausugua kwa mchanga wiki nzima. Upepo ukitoka Masese, kwenye bandari ya wavuvi, ulituletea harufu ya samaki wa kukaanga saa nne asubuhi, wakati ambao hakuna mtu mwenye njaa anayetaka kusikia habari za irabu. Askari walikuja kombania moja baada ya nyingine, wakitafuta cheti cha kusoma. Bila cheti hicho hupati utepe wa ukoplo, hata uwe hodari namna gani. Niliwaona watu waliopigana Burma wakitokwa jasho juu ya herufi moja. Sikucheka mbele yao.

Kila Alhamisi Kapteni alifundisha mwenyewe somo la dunia. Kwa utaratibu alipaswa kueleza habari za serikali na makoloni, lakini alipenda jambo moja tu, askari wa kukodiwa wa Ulaya ya zamani, na kitabu chake cha picha kilikuwa kimechakaa kwa kufunguliwa kurasa zile zile. Mimi nilisimama kando yake nikitafsiri. Miji ya Italia ya wakati ule, alisema, ilikuwa na mali lakini haikutaka kupoteza watoto wake vitani. Kwa hiyo ilimwita kapteni mwenye watu wake, ikaandikiana naye mkataba wa miezi kadhaa, naye akaja na wapanda farasi, wapiga upinde wa chuma, na watu wa mikuki mirefu iliyopita urefu wa nyumba. Walitoka milimani kwenye ardhi haba, vijana wa tatu na wa nne katika familia ambao shamba halikuwatosha. Mkataba ukiisha waliweza kumtumikia adui wa jana. Wake zao walifuata nyuma na masufuria. Amani ikija, hakuna aliyewataka, nao waligeuka kuwanyang'anya wakulima kuku na nafaka.

Askari walilipenda somo hili kuliko yote. Askari mmoja aliuliza, "Afande, hiyo watu walikuwa wanajua kwa nini wanapigana?" Kapteni alicheka, akasema walijua kuliko majenerali. Nikatafsiri hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Katika darasa hilo alikuwamo Magomu. Alikuwa Mgisu wa juu ya Mbale, kwenye miteremko ya mlima Wanale, mpole, mwenye mke na baba nyumbani, na mwandiko mzito wa mtu aliyezoea jembe. Kusoma alianzia kwangu, tangu herufi ya kwanza. Wiki ile kombania yake ilikuwa imesomewa amri ya kwenda kwenye vita vya msituni Kenya. Ugomvi wa kule haukuwa wake, wala haukuwa wetu sote.

Alhamisi hiyo alisimama, mikono ikiwa imenyooka ubavuni kama yuko paredi.

"Afande, hiyo askari wakikufa mbali, nani alikuwa anawarudisha kwao?"

Kwa Wagisu mtu huzikwa nyumbani kwa baba yake, karibu na migomba. Asipozikwa kwao hatulii, na waliobaki hawatulii pia. Nilimtafsiria Kapteni swali, naye akajibu bila kufikiri, macho yake yakiwa kitabuni:

"Hakuna. Walizikwa pale walipoanguka, kama walizikwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya mkataba."

Nilimtazama Magomu, nikawatazama wenzake nyuma yake. Nikasema, "Kapteni anasema makapteni wao waliwarudisha. Wote walirudishwa makwao."

"Umesema maneno mengi, Sajini," Kapteni aliniambia.

"Kiswahili ni kirefu, bwana."

Magomu aliketi. Uso wake ulilainika, nami nikajiona nimefanya wema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, kwamba nililala vizuri siku ile.

Siku mbili baadaye aliniletea barua, ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake. Ilikuwa desturi yetu mwanafunzi aniletee barua nimsahihishie kwa wino mwekundu kabla ya kuituma. Humo alimwambia baba yake asiogope safari ya Kenya, kwa sababu mwalimu amesoma kwenye kitabu cha Wazungu kwamba askari akifa mbali jeshi humrudisha kwao. Nilisahihisha herufi tatu mahali pengine. Sentensi hiyo niliipita. Kisha nikampa alama nzuri, akacheka kwa furaha.

Kabla mvua hazijakatika tukapata habari. Lori lao lilikuwa limepinduka kwenye matope ya milimani, hata risasi haikuhusika. Magomu alikufa hapo na kuzikwa hukohuko Kenya. Kapteni alisoma jina lake kwenye orodha, akainua macho.

"Ndiye yule wa lile swali?"

"Ndiye, bwana."

"Angalau yeye alijua," alisema, akaendelea na kazi yake.

Ningeweza kumwambia palepale. Nilisema tu, "Ndiyo, bwana," nikaenda kufuta ubao uliokuwa safi.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Mbale, kwenye kikosi cha kuandikisha makurutu. Kazi ilikuwa kuwapanga vijana mstari, kuwapima kifua kwa utepe, kuwatazama meno, kuwakimbiza hadi mtoni na kurudi, na mimi kuandika majina ya waliobaki wamesimama. Msimamizi wetu, Sajini Meja, mtu wa kabila la Lango mwenye sauti ya tarumbeta, alinionyesha vitu vyote siku ya kwanza: mizani, daftari, choo. Mwisho akaninong'oneza kuhusu mzee aliyesimama karibu na lori letu lililokuwa limetoka Jinja.

"Huyo anakuja kila lori ikifika. Anaangalia nyuma, hakuna kitu, anarudi kwake mlimani. Anangojea kijana wake alikufa Kenya. Muache tu."

Mzee alishika ubao wa nyuma wa lori kwa mikono miwili, akachungulia kati ya magunia, kisha akaishika njia ya mlimani polepole. Nilijua ni nani kabla sijatajiwa jina.

Baadaye nilipata habari zake sokoni. Kwa kawaida mwili wa mtu ukikosekana, jamaa hukata shina la mgomba, hulivika nguo ya gome la mti na kulizika mahali pake, ili maombolezo yawe na mwanzo na mwisho. Mzee huyo, Gidudu, baba yake Magomu, alikuwa amekataa. Mwanawe angekuja, mwalimu alisema. Kwa hiyo matanga hayakuwekwa, na kwa kuwa hayakuwekwa hayakuweza kuanuliwa. Ndugu waligombana naye. Mke wa Magomu alibaki katikati, si mke wala mjane, hawezi kurudi kwao na hawezi kuendelea na maisha.

Niliacha malori matatu yapite. Nilijificha nyuma ya daftari, sajini mzima. Lori la nne mzee alikuja na mke wa Magomu. Mwanamke hakuchungulia nyuma ya lori. Alinijia mimi, kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

"Afande, sisi tungoje mpaka lini?"

Kalamu niliiweka mezani.

"Baba," nikamwambia mzee, "yule mwalimu wa Jinja ni mimi. Kapteni hakusema vile. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Mzee hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alikaa juu ya sanduku la vifaa vyetu.

"Mimi nilibeba mizigo ya jeshi, ile vita ya kwanza, mpaka Tanganyika," alisema. "Ndugu yangu alianguka njiani, wakatuambia tembea. Tukatembea. Mimi nilijua, mwalimu. Mimi mwenyewe nilijua. Lakini wewe ulisoma kitabu, nikasema labda dunia imegeuka."

"Sasa sema vile mzungu alisema. Yote."

Nikamwambia: hakuna, walizikwa pale walipoanguka, kama walizikwa, hiyo ilikuwa sehemu ya mkataba. Akamgeukia mkwe wake, akamweleza kwa Kigisu. Alisema maneno machache kama yale ya Kapteni. Mwanamke akaketi chini, akaanza kulia kilio alichokuwa amekizuia mwaka mzima.

"Jumamosi tunamzika," mzee alisema. "Utakuja."

Nilikwenda. Nilisaidia kubeba shina la mgomba kutoka shambani hadi kaburini, na aibu yangu ilikuwa kwamba lilikuwa jepesi mno. Walipomaliza kufukia, mwanamke yule alinyolewa nywele kama mjane, na Mzee Gidudu akanikabidhi ile barua, imekunjwa mara nyingi hata inapasuka mikunjoni.

"Hii bado iko na kosa, mwalimu. Sahihisha."

Niliacha jeshi muda mfupi kabla ya uhuru, nikafundisha shule moja ya Mpumudde, kando ya Jinja, mpaka nilipostaafu. Askari wa kukodiwa wa Ulaya nimewafundisha kila mwaka, na mtoto akiuliza waliokufa mbali ilikuwaje, namjibu kama Kapteni alivyojibu. Walimu vijana huniambia ni jibu la kikatili kwa watoto. Mimi huwaambia kazi yetu ina vishawishi vingi, na huruma ni kimojawapo.

Barua ninayo mezani sasa ninapoandika. Wino wangu mwekundu haujafifia, unaonekana kwenye herufi tatu. Ile sentensi haina alama yoyote. Kila mara nachukua kalamu, nainama juu yake, na sijui nianzie wapi kumkata Magomu neno aliloliamini.