Kitaa Kiliwaka Mara Tatu

Arne Halvorsen, fundi wa matanuri ya gesi mjini Duluth, alikuwa na kanuni moja: swichi ya usalama, ile inayolizima tanuri penye hatari, hairukwi kwa waya, hata kwa dakika moja. Aliishika miaka ishirini na minane.

Jumamosi moja ya Januari dada yake Verna alimwita. Tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa limezimika, na kitaa chake cha ishara kiliwaka mara tatu, kikatulia, kikawaka tena mara tatu. Maana yake moshi haupati njia. Ilimpasa Arne atoke akalitazame bomba la kutolea moshi ukutani, ambalo shemeji yake alikuwa amelifukia alipokuwa akiondoa theluji.

"Kaka, vidole vimekufa ganzi! Au samaki wako wa ziwani wanakungoja na chai?"

"Wananingoja na bia. Domo hilo halijaganda tu?"

Akairuka swichi kwa waya. Tanuri likanguruma.

"Nitarudi kesho," akasema, akaenda kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa.

Kesho yake jirani aliwakuta mume na mke wamezirai kwa hewa ya sumu. Shemeji alizikwa Alhamisi. Verna alipona, ila hadi leo majina ya wanawe humponyoka.