Maji ya Tono la Bluu

Mimi ni Mama Kapinga, mjane wa hapa Kolwezi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, sisi tukazaliwa hapa. Shule niliiacha mapema, mnivumilie nitakapoandika vibaya. Sina hakika kama habari yangu inastahili kuitwa ushuhuda. Kuna walioumwa kunipita na hawakuandika kitu. Lakini akina mama wa kanisani wameniomba.

Zamani nilikuwa na nguvu. Niliuza samaki kavu sokoni na mzigo niliuinua mwenyewe. Binti yangu ameolewa mbali, Dilolo. Nyumbani tulikuwa mimi na redio.

Kisha maneno yakaanza kuzunguka mtaani: kutakuwa na fujo, barabara itafungwa, watu wa asili ya Kasai wajiangalie. Nikafanya kama mama yeyote. Nikaweka unga, chumvi, sukari, mishumaa, gunia la makala ya kupikia. Maji ndiyo yalinisumbua, kwa sababu bomba la hapa likikatika limekatika kweli. Sokoni nikakuta mtu anauza matono ya bluu, yale mapipa makubwa ya plastiki yanayotoka upande wa migodi. Nyumba nyingi hapa zinayo.

"Ilikuwa na nini, tata?" nikamuuliza.

"Sabuni tu, mama. Sugua na muchanga, weka maji, utakunywa mupaka Noeli!"

Sitasema alinidanganya. Pengine naye aliambiwa hivyo. Nilisugua mpaka mabega yakauma, nikajaza maji. Harufu kidogo ilibaki. Nikasema ni ya plastiki.

Fujo ikaja kweli. Risasi zililia upande wa barabara kubwa, vijana wakapita na mawe. Nikafunga komeo, nikashusha pazia, nikazima redio. Nilitaka wafikiri nyumba haina mtu. Maji ya bidoni zangu, vile vidumu vidogo, yalipoisha, nikafungua tono.

Mdomo ndio ulianza. Ulimi ukawa kama nimenyonya msumari. Halafu moto ukashuka kooni mpaka chini ya kitovu. Nikatapika chakula, kisha maji ya kijani. Nikahara, hata chooni sikufika. Naandika kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikajiambia: hiki ni kipindupindu. Dawa yake tulifundishwa wote, maji yenye chumvi na sukari, unywe kila mara. Nikachota kwenye tono, nikachanganya, nikanywa. Nikatapika. Nikasema sijanywa ya kutosha, nikachota tena. Kila kikombe nilichokunywa ili nipone ndicho kilichoniangusha.

Nililala sakafuni, miguu imekakamaa. Nje nilisikia mtu akicheka, mama akimwita mtoto aoge. Sikuita. Saa nyingine nilitaja jina langu mwenyewe, ili nisikie mtu akilitaja.

Kisha mlango ukagongwa.

"Mama Kapinga! Uko mu nyumba?"

Alikuwa Mama Ngoyi, jirani, mwenyeji wa huku. Nyumba zetu zimeshikana ukuta mmoja, kama zote za kambi ya zamani ya wafanyakazi. Sikufungua. Siku za yale maneno nilimwona mume wake akicheka na vijana waliosema turudi kwetu. Haki isemwe: sikusikia alichochekea. Pengine ilikuwa mambo ya mpira.

"Unajificha nani? Unatapika, ukuta yote inasikia! Fungula!"

Nikawaza: nikifungua, labda kuna watu nyuma yake. Nisipofungua, nitafia hapa pamoja na unga wangu. Nikatambaa. Komeo nililisukuma kwa bega.

Alikuwa peke yake.

"Aa, mama! Unakuwa sawa kitambala ya kupangusa!"

Alichota maji ya tono anioshe. Kidole chake kilikuwa na jeraha la kisu. Akaruka.

"Haya maji inauma! Ni maji gani hii?"

"Ya kunywa," nikasema.

"Unakunywaka hii?"

Akamwaga kikombe changu cha dawa, akakimbia kuleta maji yake. Mume wake, yule yule, akanipandisha kwenye kinga, akaisukuma baiskeli hiyo kwa njia za nyuma mpaka kituo cha afya. Njiani sikumuuliza alichochekea siku ile.

Munganga, daktari wa kituo, akanitazama kooni. "Mama, umeungua ndani. Kwa dawa gani sijui, hapa hatuna mashine ya kupima. Lakini ile maji usiguse tena."

Nilitundikiwa serumu, maji ya mshipani. Nikajifunza upya kumeza, kwanza uji, halafu bukari, ugali wetu, ukiwa laini. Leo natembea, nauza samaki. Pilipili siwezi tena, na sauti imebaki ya kukwaruza.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Ngoyi, na mume wake pia. Kuweka akiba ni vema, msiache. Lakini maji yakae katika chombo kilichokuwa cha maji au cha chakula, si cha mgodi, hata kikisuguliwa namna gani, hata kama jirani anacho na haumwi. Na kabla hujafunga mlango, mtu mmoja ajue uko ndani. Mchague wakati wa amani.

Majuzi yale maneno yalianza tena. Kabla ya kwenda sokoni nilipita kwa Mama Ngoyi.

"Yaya, dada yangu, ukiona mulango yangu inafungwa, mi niko ndani."

"Nitapiga ukuta kila magaribi," akasema. "Usipojibu tutavunja mulango, na utalipa wewe!"

Anapiga kweli. Mimi nakaa peke yangu kama zamani, nasubiri, nasikia mkono wake ukutani, najibu. Jioni nyingine nachelewa kidogo kujibu, ili apige tena.