Kijiko Nyuma ya Pazia

Kilikuwa kijiko. Nilikisikia kabla sijaona mtu yeyote katika nyumba ile ya Muyinga: bati likigongwa mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena, kwa nguvu za mtu aliyechoka kungoja. Nilikuwa nimesimama koridoni na begi langu, macho bado yamejaa jua la nje, sioni hata ukuta. Mama mkwe wa dada yangu akanisukuma begani taratibu.

"Nenda," alisema. "Ndiyo unaitwa hivyo."

Nyuma ya pazia la kijani alikuwapo dada, ameegemea mito, mkono mmoja kikombe cha bati, mkono mwingine kijiko, na ubavuni pake mtoto amefungwa kama mkate uliotoka dukani. Aliponiona alicheka mpaka akashika tumbo.

"Eh, mdogo wangu! Wamekuleta kweli? Mi nilifikiri watatuma tu unga."

Nilikuwa nimetoka mji wa Gitega, kwetu mtaa wa Yoba, kuja kumhudumia katika arobaini yake. Kwetu sisi, watu wa mjini tunaoishi kwa duka na cherehani, mwanamke aliyejifungua hatoki mpaka arobaini iishe. Hauzi, hapiki, haketi barazani. Wageni humsalimia kupitia pazia, na mdogo wake huitwa kumkorogea uji. Mama aliniambia ni arobaini tu, kisha narudi. Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuhesabu kwamba dada angetolewa nje siku ya Ijumaa, na Jumamosi yake, saa nne asubuhi, ilikuwa zamu yangu ya kusoma Mushasha, mtaa mwingine wa Gitega.

Mushasha tulikuwa na chumba cha kuazima nyuma ya shule, madawati yenye miguu mifupi, na vijana wachache wanaopenda hadithi kuliko mpira. Kila Jumamosi mmoja wetu alisoma aliyoandika, wengine wakamuuliza maswali mpaka jasho limtoke. Tulikuwa tunakusanya hadithi za kitabu kidogo, na sharti letu lilikuwa moja: hadithi ambayo mwenyewe hajaisoma kwa mdomo wake na kuijibia maswali, haiingii. Hatukupokea sauti zilizorekodiwa. Zamu yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kitabu kufungwa.

Basi nikaingia jikoni nikijua siku ya kutoka.

Jiko lile lilikuwa na dirisha la ukubwa wa sinia. Ukisogea karibu uliona ukuta wa jirani, na juu yake kipande cha mbingu kisichotosha kujua kama mvua inakuja. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa chini ya dirisha, magunia ya makaa mlangoni, na nyuma yangu, hatua chache tu, pazia la kijani. Kijiko kiligonga wakati wa uji, kikagonga wakati wa supu, kikagonga dada alipotaka tu kuuliza ni nani amepita njiani. Nilianza kukisikia hata kisipogonga. Nilikuwa nikikunja chapati na mabega yangu yanapanda yenyewe.

Kilichobaki changu kilikuwa simu, na ndiyo pekee nyumbani mle iliyoweza kuingia mtandaoni. Tangu Yoba nilikuwa na ukurasa mtandaoni ambapo nilionyesha mikono yangu ikipika, bila sura: ndizi zikibadilika rangi ndani ya mawese, ndagala, dagaa wa ziwani, wakikaushwa kwa nyanya mpaka wanalia sufuriani, sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa. Huku napika, nasimulia kisa. Watu walikuja kwa ajili ya chakula, wakakaa kwa ajili ya kisa, au kinyume chake, sikujua. Muyinga mtandao ulishika pembe moja tu ya jiko, juu ya kopo la sukari. Nikaegemeza simu pale, nikaingia laivu, nikaanza kukoroga uji wa ulezi na kusimulia.

Nilikuwa katikati ya kisa cha mtu anayegonga mlango na mwenye nyumba hataki kufungua, sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"We! Iko chumvi kidogo!"

Uji ukatoa povu.

"Dada," nikanong'ona, "mi niko laivu."

"Hata kama iko laivu, iko chumvi kidogo. Na huyo mtu wako amegonga mlango tangu jana. Mfungulie, sha, tusikie."

Komenti zilimiminika kama mtama unaomwagika. Nani huyo? Amejificha wapi? Mwambie aseme tena. Kulikuwa na mtu wa Bukavu aliyeandika kwamba sauti hiyo ni ya shangazi yake kabisa. Siku iliyofuata walikuwa wengi zaidi, na hawakuulizia uji. Walimuulizia wa nyuma ya pazia.

Dada alipona kwa hilo zaidi kuliko kwa supu. Alikuwa muuzaji wa vitenge sokoni, mtu wa kuita wateja kwa mdomo, na sasa alikuwa amefungiwa ndani pamoja na mdomo wake. Asubuhi aliamka anauliza mega za intaneti zimebaki ngapi. Aliukosoa uji, akazikosoa chapati zangu, "hiyo si chapati, hiyo ni ramani ya Kongo," akawataja wahusika wa visa vyangu kama majirani waliomkosea. Nami nilianza kuandika visa nikimwachia nafasi ya kuingilia. Kwa muda mfupi kila siku, jiko lile lilipanuka. Kisha mega zikaisha, skrini ikawa nyeusi, nikaona tena dirisha la sinia.

Mama mkwe hakujua. Yeye alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, na wakati wetu wa laivu ndio uliokuwa wake wa kusali na kunyoosha nyonga zilizomuuma. Alijua siku wanawake wanne walipokuja kumtazama mzazi, wamebeba chupa za chai na kikapu cha ndizi. Wa kwanza hakumaliza hata kuvua viatu.

"Yuko wapi huyo wa iko chumvi kidogo?" aliita kuelekea pazia, na wote wakaangua kicheko.

Nyuma ya pazia kijiko kikaangukia ndani ya kikombe.

"Chumvi gani?" aliuliza mama mkwe.

Walimwonyesha kwenye simu laivu mojawapo iliyobaki katika ukurasa wangu. Aliketi kwenye kigoda, akaishika simu mbali na uso kama anayesoma kipimo cha dawa, akatazama mpaka mwisho. Akaomba nyingine. Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikijiambia: sasa nitafukuzwa, na nikiona aibu kwa jinsi wazo lile lilivyokuwa tamu.

"Sauti imetoka, sura haijatoka," alisema hatimaye. "Sioni kosa. Na hawa wote wanaouliza, wanajua kama anauza vitenge?"

"Hawajui bado, Mama," alisema mmoja wa wageni. "Lakini mi najua watu wengi hapa mjini wanamngoja tu atoke. Wanasema wataenda sokoni kumsikia."

"Basi Jumamosi afungue meza. Siku ya soko. Watu wakimngoja sana watamsahau."

Pazia likatikisika. Dada alipiga vigelegele huko ndani, mtoto akaamka akilia. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo:

"Na mtoto, Mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani.

"Mtoto ana mama mdogo."

"Mi Ijumaa narudi Gitega. Jumamosi niko na watu."

"Watu wa nini?"

"Tunasoma hadithi. Yangu ndiyo ya mwisho."

"Kwani hadithi hazimo kwenye simu?" Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonifunga. "Kila siku unawasomea watu wa Bukavu ukiwa hapo penye makaa. Wa Gitega wana masikio gani? Mimi nyonga haziniruhusu kuinama na mtoto. Utakaa mpaka shingo yake ikaze, kisha tutaona."

Mama, kwa simu kutoka Yoba, alisema vilevile, akaongeza kwamba huko kunanyesha.

Niliwaandikia wenzangu wa Mushasha. Walibishana jioni nzima, kisha wakanikubalia jambo ambalo hawakuwahi kumkubalia mtu: saa nne kamili nipige, simu yao itawekwa mezani mahali pangu, nisome kwa mdomo wangu, niulizwe, nijibu. Ijumaa, dada alipokuwa anaogeshwa na kufukizwa udi, nilirudia hadithi yangu kwa sauti ya chini mbele ya mbabula, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikaijua bila kuitazama.

Jumamosi dada aliamka mapema. Alinyonyesha, akavaa kitenge kipya cha manjano chenye ndege, akajitazama kwenye kioo kidogo upande mmoja, kisha upande mwingine. Alikuwa amesahau umbo lake, nadhani, na sasa wakatambuana. Akanipa mtoto. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Dada, saa nne mi nasoma."

"Yoo!" Alijipiga paji la uso. "Saa nne. Na mi saa sita ndiyo narudi kumnyonyesha." Aliuangalia mkono wake kana kwamba si yeye aliyeunyoosha. "Bon, acha. Nitaita wateja kwa mdomo, kama zamani."

Akaushusha mkono. Alisema kweli, angeniachia. Lakini wakati uleule msichana wa meza ya jirani yake sokoni alikuwa amefika mlangoni kumchukua, na akapaza sauti kutoka nje bila kutuona: "Wa chumvi kidogo! Wamejaa huko, kweli kweli! Wanasema leo wanataka kukuona uko laivu!"

Uso wa dada ulifunguka. Sijawahi kuona uso ukifunguka hivyo, kama duka lililofungwa msimu mzima. Mara akaukunja tena, kwa ajili yangu, akaanza kufunga leso kichwani haraka bila kunitazama.

Nilimtia simu mkononi.

"Mdogo wangu..."

"Iko asilimia themanini," nikasema. "Na usikose mwanga, simama ukiangalia jua."

Alinibusu, akambusu mtoto, akanukia udi. Akashika kile kikombe cha bati na kijiko chake, akaviweka juu ya kopo la sukari ambapo simu hukaa, labda bila kufikiri.

"Ukitaka kitu, gonga," alisema akicheka, machozi yakimlenga. "Uji usiungue."

Akatoka kwenye jua, mbele ya rafiki yake, manjano matupu, na kwa sababu mtoto hakutakiwa kupigwa na upepo, akarudi hatua moja akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukaita klak.