Mzee Tanzia Yu Hai

Juzi simu yangu ilitetemeka juu ya meza ya jikoni, ikazunguka yenyewe kama mende aliyepinduliwa. Nilipoifungua nikakuta mtu ametuma sauti kwenye kundi letu la watu wa Korogwe, bila maelezo. Nikabonyeza. Kwanza ukaja mkwaruzo wa redio za masafa ya kati, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili, kisha sauti nzito isiyo na haraka: "Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo." Nilikuwa nimekaa. Nikajikuta nimesimama.

Kundi likachachamaa. Mmoja akaandika, apumzike kwa amani. Mwingine akasema huyo mzee alikufa zamani, wakati wao wako shule ya msingi. Wa tatu akaapa alimwona mwaka huu huko Magoma, anatembea na fimbo, analalamikia bei ya mbolea. Wakabishana mpaka mchana. Mimi niliiacha simu mezani. Nilikwenda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, na mkinivumilia nitawaeleza kwa nini.

Nililelewa na mama wa mama yangu, Bibi Zaina, pale Old Korogwe, upande wa mtoni. Mama alikuwa akinunua mahindi Handeni na kuyauza, leo kijiji hiki kesho kile, kwa hiyo ilipofika umri wa kuanza shule nikaletwa kwa bibi na kagunia kangu ka nguo. Bibi alikuwa Mzigua mwembamba, mwepesi wa miguu, msonga bada, ugali wa muhogo, usio na donge hata moja. Kutulia alikuwa hajui. Akikaa kuchambua mchicha, dakika si nyingi kainuka kuangalia kuku. Akirudi, kaona kamba ya nguo imelegea. Halafu ananigeukia mimi: "We mtoto, kaa kama mtu! Umekalia siafu?"

Jioni, baada ya swala ya magharibi, nyumba nzima ilikuwa ya redio. Kazi yangu ilikuwa betri. Mchana nilizianika juani juu ya banda la kuku ili zipate nguvu za kufika usiku, na mpaka leo najua harufu yake, ya bati lililopata moto na kitu kichungu kidogo kama dawa. Taarifa ya habari bibi aliiacha ipite kama upepo. Alichosubiri ni matangazo ya vifo. Ukianza ule muziki wa huzuni alisimama na mwiko mkononi, akawa anatembea kutoka mlangoni hadi jikoni, na ole wake atakayekohoa. Msomaji alikuwa Rajabu Semkunde. Nchi nzima ilimjua kwa jina hilo. Sisi watoto tulimwita Mzee Tanzia, na tuliamini kwamba akitaja jina lako unakufa, hata kama ulikuwa unacheza rede.

Sababu ya mwiko ule ilikuwa mjomba wangu Ayubu. Alikuwa amekwenda machimboni, mbali kabisa, mimi sijazaliwa, na kwa muda mrefu hakuandika wala kutuma mtu. Kisha jioni moja, kabla sijaletwa kwa bibi, Mzee Tanzia alisoma: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Ayubu..." Hapo hapo betri zikafa. Redio ikakata.

Ayubu gani? Akina Ayubu ni wengi kama kumbikumbi. Bibi hakuweka matanga, wala hakusema mwanawe yu hai. Suruali ya mjomba ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango. Kila Ijumaa aliikung'uta vumbi na kuirudisha palepale. Na kila jioni alitembea na mwiko.

Nilipokuwa darasa la tatu, sauti ile ikatoweka. Akaja kijana mmoja anayesoma vifo kana kwamba anakimbizwa. Haukupita muda ikaenea kwamba Semkunde amefariki. Mwalimu alisema, muuza samaki alisema, shehe alisema. "Lisemwalo lipo," bibi alijibu, "kama halipo laja." Akamtia kwenye dua yake pamoja na wazazi wake. Siku ile hakula. Alikuwa akinung'unika peke yake: "Na ile sentensi sasa nani ataimalizia?"

Mwaka uliofuata, siku ya gulio, nilitumwa Manundu kununua nyanya. Nimeinama kuchagua, nikasikia juu ya kichwa changu: "Mama, mapeasi haya yametoka Bungu kweli, au ni ya kunidanganya mtu mzima?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Tanzia. Niligeuka. Alikuwa mzee mfupi, kanzu imemzidi, ameshika peasi analinusa. Yaani sauti kubwa kama ile ilikuwa inakaa ndani ya kifua kile kidogo! Nikaacha kila kitu nikakimbia. Nyuma yangu sauti ikanifuata, taratibu, kwa utulivu uleule wa kutangaza misiba: "Binti. Umesahau kikapu chako." Nikaongeza mbio.

Nilimwambia bibi nimemwona Mzee Tanzia, nikidhani atanichapa kwa sababu ya kikapu. Hakunichapa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaita juu ya ua, "Mama Yohana!" Huyu alikuwa jirani yetu, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge wakabaki, mwanamke mnene mwenye habari za mji mzima.

"Ni kweli mama," Mama Yohana alisema, akiepuka kumtazama bibi usoni. "Alistaafu tu. Binti yake ameolewa Magoma, ndiko anakokaa. Hata mimi nilijua ni marehemu."

Siku zile mbili tatu zilizofuata nyumbani hapakukalika. Bibi alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Usingizini nilimsikia akigeuka na kitanda kikilia. Mimi shuleni nilivunja penseli kwa meno. Hatimaye asubuhi moja akamfunga jogoo miguu, akajitanda khanga mpya, akaniambia nivae viatu. Tulikwenda Magoma.

Tulimkuta uani kwa binti yake, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Nilimwamkia. "Marahaba," alisema, nami nikajificha nyuma ya khanga ya bibi.

"Ndiye huyu aliyenikimbia sokoni," akacheka. "Usiogope, mjukuu wangu. Siku hizi wote wananikimbia. Juzi mtu mzima kabisa ameniuliza nimefufuka lini."

Bibi hakucheka. Alimpa mkono, na hakuuachia. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akautazama kiganja na kucha, mpaka mzee mwenyewe akaona haya kidogo. Chai ikaletwa. Yake bibi hakuigusa. Alimtazama mzee akinywa yake, funda kwa funda, mpaka kikombe kikaisha. Akamwuliza kama analala vizuri, kama anakula, kama miguu inamuuma. Nilikuwa nikimvuta khanga chini kwa chini. Nilitaka aulize tuondoke.

Mwishowe akauliza. Alimweleza habari yote, mwana, machimbo, jioni ile, betri. "Ulisoma Ayubu," alisema. "Ikakata. Nimekuja unimalizie."

Mzee Rajabu aliweka gunzi chini. "Mama, nimesoma watu wengi mno. Nikisema namkumbuka nitakuwa nakudanganya."

"Basi soma tu. Tia jina lake. Ayubu Mhina. Nisikie mpaka mwisho, nijue nimesikia."

Alitikisa kichwa. "Hilo siwezi. Mimi mwenyewe watu wamenisomea dua nimeketi hapa nakula mapeasi. Simtangazi mtu nisiyejua hali yake." Kisha kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kama ya mtu wa kawaida. "Unajua, mama, siku zote nilitamani kusoma salamu. Walinikatalia. Walisema sauti yangu itawatia watu hofu. Kama utapenda, nikusomee salamu."

Bibi alitikisa kichwa, ndiyo. Mzee akajiweka sawa juu ya kigoda, akakohoa, akalishika gunzi mbele ya mdomo.

"Salamu hizi zimwendee Ayubu Mhina, popote alipo. Zinatoka kwa mama yake mzazi, Bibi Zaina wa Old Korogwe. Anasema yeye hajambo, na mvua mwaka huu si haba." Akamgeukia bibi. "Na ujumbe wake?"

Bibi alifikiri. "Mwambie yule mbuzi wake tulimla siku ya Idi. Asije kunidai."

Mzee akausoma ujumbe wa mbuzi kwa heshima zote, kama unavyosomwa msiba wa mkubwa. Bibi alianza kucheka, akacheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na mabega yaliendelea kutikisika hata baada ya kicheko kuisha.

Tangu siku ile jioni zetu zikabadilika. Muziki wa huzuni ukianza, bibi alinyoosha mkono akazima redio, akaketi kula. Suruali aliiacha nyuma ya mlango. Mjomba Ayubu hakurudi, na matanga yake hayakuwekwa mpaka bibi mwenyewe anafariki, mimi nikiwa sekondari.

Siku ya tatu ya msiba wa bibi nilikuwa naosha masufuria na Mama Yohana. Nikamwambia inaniuma bibi amekufa bila kujua habari za mwanawe. Mama Yohana aliacha kuosha.

"Mwanangu," alisema, "redio zote za mtaa huu zilikuwa wazi jioni ile. Betri zilizokufa ni zenu tu. Sote tulisikia. Ayubu Mhina, amefia machimboni, amezikwa hukohuko. Habari zimfikie mama yake mzazi, Zaina, Old Korogwe."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Tulikuja alfajiri, wanawake wote, tumejitanda. Tukamkuta anafagia. Akatutazama, akasema, 'Betri zangu zilikufa jana, sijasikia kitu. Nyinyi mnakwenda msibani kwa nani?' Usingeweza, mwanangu. Tukasema tunakwenda Kwamndolwa. Ikabidi twende kweli, mpaka lipande jua, ndipo tukarudi. Tukawa tunasubiri atuulize. Hakumwuliza mtu hata siku moja."

Kwa miaka mingi niliamini bibi alinipeleka Magoma kutafuta habari. Sasa nami nina watoto walio mbali, nageuza simu huku na huku ikichelewa kulia, na nadhani nimemwelewa. Habari alikuwa nazo, umbali wa ua mmoja tu. Magoma alikwenda kumtazama mtu ambaye dunia nzima ilishasema amekufa, ameketi juani, anapukuchua mahindi, anakunywa chai yake mpaka inaisha.