Kambale wa Sita

Kila alipoulizwa kwa nini aliingia genge la vijana pale sokoni Butembo, Kambale Stanislas alijibu kwa neno moja: njaa. Lilikuwa jibu zuri. Lilimpatia huruma ya padri, nafasi kwenye mafunzo ya ufundi wa pikipiki, na hata fulana mbili za shirika la misaada. Shida ni kwamba hakuwahi kulala njaa hata siku moja, na mashavu yake yalikuwa shahidi.

Basi siku Débora, mwanafunzi wa sosholojia, alipofika karakana na fomu yake ya utafiti kuhusu magenge, Kambale alivaa uso wa msiba akawa tayari. Bahati mbaya, mama yake, Kahongya, alikuwa amemletea bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wala hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Sababu ya kwanza," Débora akasoma. "Njala, kukosa bazazi, ao kukosa kazi?"

Mama alisukuma sahani mbele ya mwanawe. "Jibu. Sema nani alikunyimaka chakula."

Kusema njaa mbele ya bugali ule ilikuwa kumtukana mama. Lakini sababu ya kweli ilimtia haya zaidi.

"Ni juu ya jina," akasema.

Katika kabila lao mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, na mtaani karibu kila nyumba ilikuwa na wa pili wake. Mwalimu akiita Kambale, waliinuka watano. Yeye alijiunga na genge akitumaini kupewa jina la kutisha, Radi au Chui. Kumbe hata huko Kambale walishafika watano. Wakamwita Sita. Jambazi gani huitwa Sita? Na kuiba kwenyewe hakujua; kazi yake ilikuwa kushika viatu vya wenzake wakipigana.

Débora aliuma kalamu asicheke. "Lakini yaya," akasema, kama anayemwita kaka, "sasa juu ya nini ulibakia?"

"Kwa genge balikuwaka banatuhesabu. Siku nilikosa kufika, bakakuja kunitafuta: Sita iko wapi? Kwetu tulikuwa batoto kumi na moja. Niliweza kukosa kufika saa ya kula, hapana mutu aliona."

Alijuta palepale, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama alikaza kitambaa chake kichwani, polepole. "Sahani yako nilikuwa nafunika na ingine. Asubui naikuta vile vile, napatia mbwa. Niliogopa kuuliza. Nilizania ukijua nakutafuta, utaenda mbali zaidi."

Kambale alivuta sahani akaanza kula, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake.

Débora alipekua fomu akitafuta mahali pa kuandika hayo, akakosa. "Tunafichaka majina," akasema kwa upole. "Wewe ni mutu wa sita nauliza. Nitaandika tu: Sita."

"Hapana," mama akamkatiza. "Andika Kambale. Kambale yangu."